Saa Moja ya Kuweka Katheta, na Miezi Isiyo na Mwenyewe

Asubuhi moja alikuja kwetu mzee mmoja, mwanajeshi mstaafu kutoka mji wa kambi ya jeshi wa Bombo, akiwa amejifunga kavera, yaani mfuko wa plastiki, shingoni. Lilikuwa kavera jeusi, la aina ile ya kufungia nyama buchani, na pembeni lilizungushiwa gundi ya karatasi ili maji yasipenye. Alikuwa na katheta, yaani mrija, ya kusafishia damu iliyotokea kifuani, chini kidogo ya mtulinga wa kulia, na tangu awekewe, wiki tatu kabla ya siku ile, alikuwa akioga na kulala hivyo hivyo. Nilipolifungua kavera nilikutana na joto na jasho la usiku mzima. Chachi ilikuwa imelowa, plasta imebanduka upande mmoja, na ngozi pale mrija unapotokea ilikuwa nyekundu na laini kama ya mtu aliyekaa mno ndani ya maji. Nikamuuliza ni nani aliyemfundisha kufanya vile. Akanijibu, "Sista, hakuna aliyenifundisha. Niliambiwa tu kwamba maji yasiingie."

Mzee yule hakuwa mzembe. Alilitekeleza kwa bidii yake yote neno moja tu aliloambiwa. Wala waliomwekea katheta hawakuwa wazembe, kwa sababu picha yake ya eksirei ilionyesha ncha ikiwa mahali panapostahili, na mishono ilikuwa nadhifu. Kilichokosekana kilikuwa katikati ya hao wawili. Nimeuguza wagonjwa wa figo na wa saratani humu Uganda kwa miaka mingi, na ninasadiki kwamba katika hospitali zetu heshima, fedha na mafunzo huelekezwa kwenye saa moja ya kuweka katheta, ilhali uhai wa mgonjwa hutegemea miezi inayofuata, na miezi hiyo haina mwenyewe.

Katheta ya vena kuu ni mrija laini wa silikoni au poliurethani unaoingizwa katika mshipa mkubwa, mara nyingi wa shingoni, hadi ncha yake ifike pale vena kuu ya juu inapomimina damu katika chumba cha juu cha kulia cha moyo. Wagonjwa wetu huuita mpira wa shingoni, na wanaeleweka. Ule wa muda mrefu hupitishwa kwanza chini ya ngozi ya kifua kwa sentimita kadhaa kabla ya kuingia mshipani, nao una pete ndogo ya kitambaa ambayo nyama huota na kuishika katika muda wa wiki tatu au nne, hivyo mrija ukakaa imara na vijidudu vya ngozini vikazibiwa njia. Wapo pia wanaopandikizwa poti, yaani kijisanduku kinachofichwa kabisa chini ya ngozi na kuchomwa kwa sindano maalumu kila inapohitajika kutoa dawa.

Wanaouhitaji mpira huu humu nchini ni hasa watu wa aina mbili. Wa kwanza ni wale ambao figo zao zimeshindwa kazi, kwa kuwa mashine ya kusafisha damu huvuta takriban mililita 300 kila dakika, na mshipa wa mkononi hauwezi kutoa kiasi hicho. Wa pili ni wagonjwa wa saratani, wakiwamo watoto wengi. Uganda ina historia ndefu katika jambo hili: Denis Burkitt aliueleza uvimbe wa taya za watoto unaoitwa kwa jina lake mwaka 1958 alipokuwa katika hospitali ya Mulago, Kampala, na Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianzishwa palepale mwaka 1967. Dawa zilizowaponya watoto wale, kama vinkristini, ndizo hizo ambazo zikivuja nje ya mshipa huunguza nyama hadi kidonda kikafika kwenye mfupa. Mpaka leo watoto wengi huzipokea kwa kanula ndogo ya mkononi, yaani kijimrija kifupi cha muda, na aliyewahi kumshika mtoto wa miaka mitano akichomwa mara ya sita kwa sababu mishipa imekwisha hahitaji kuelezwa kwa nini mrija wa kudumu ulibuniwa.

Na ulibuniwa kwa nia ambayo inafaa tuikumbuke. Mwaka 1973 John Broviac na wenzake, katika mji wa Seattle nchini Marekani, walieleza katheta ya silikoni iliyokusudiwa wagonjwa wa kulishwa kupitia mshipani kwa muda mrefu, wakiwa majumbani mwao. Mwaka 1979 Robert Hickman wa mji huohuo akaeleza iliyo pana zaidi, kwa ajili ya wagonjwa wa kupandikizwa uboho katika kituo cha utafiti wa saratani cha Fred Hutchinson. Kituo hicho ndicho kilichoshirikiana na taasisi yetu ya saratani hata jengo lao la pamoja likafunguliwa Kampala mwaka 2015. Ninayataja haya kwa sababu tangu siku ya kwanza kifaa hiki kilitengenezwa ili mgonjwa aondoke hospitalini, na mafunzo ya mgonjwa mwenyewe yalikuwa sehemu ya matibabu. Sisi tumekichukua kifaa, tukayaacha mafunzo.

Sitaki nieleweke kwamba naidharau kazi ya kuweka. Mgonjwa hulazwa kichwa kikiwa chini kidogo, ili mshipa ujae na hewa isivutwe ndani. Daktari hunawa, huvaa kofia, barakoa, gauni na glovu safi kabisa, kisha humfunika mgonjwa kwa shuka safi kuanzia kichwani hadi miguuni. Ngozi husafishwa kwa klorheksidini iliyochanganywa na spiriti, na huachwa ikauke yenyewe. Kuipangusa kwa haraka ni kuiondolea nguvu. Kwa ultrasaundi mshipa huonekana kama duara jeusi linalobonyea kwa mguso, pembeni yake ateri, mshipa unaotoa damu moyoni, ikidunda bila kubonyea, na sindano huelekezwa huku ncha yake ikionekana. Kisha waya mwembamba hupitishwa ndani ya sindano, sindano hutolewa, na mrija hufuata njia ya waya. Mbinu hiyo aliieleza Msweden Sven Seldinger mwaka 1953 na hadi leo haijapata mbadala. Upande wa kulia wa shingo hupendelewa kwa sababu njia yake kwenda moyoni imenyooka, ilhali ya kushoto ina kona mbili. Mwisho huwa picha ya eksirei, kuangalia ncha ilipo na kuhakikisha kwamba pafu halikutobolewa.

Hayo yote yanafundishika, na madaktari wetu wanayajua. Hata mashine ya ultrasaundi si kikwazo kikubwa kama inavyodhaniwa, kwani ile inayotumika kuangalia mimba inatosha ikiwa na kichwa chake cha kuangalia mishipa. Tunakokwama ni baadaye.

Chukua mgonjwa wa figo anayesafishwa damu mara mbili kwa wiki, kama walivyo wengi kwetu kwa sababu ya gharama na uhaba wa nafasi. Katika miezi mitatu atakuja mara 26, na kwa kuwa mpira wake una ncha mbili za nje, nyekundu na ya buluu, vifuniko vitafunguliwa mara 52. Kila kifuniko kinapofunguliwa, mlango wa kuingia katika damu ya moyo uko wazi mbele ya mkono wa mtu. Katika siku za mwanzo vijidudu huingia zaidi kwa kutambaa juu ya ngozi, pembeni mwa mrija. Kadiri mrija unavyozeeka, huingia zaidi kupitia ncha hizo zinazoshikwashikwa. Kwa hiyo kinachomlinda mgonjwa mwezi wa tatu si ustadi wa daktari aliyemwekea. Kinachomlinda ni muuguzi anayesugua ile ncha kwa spiriti au klorheksidini kwa sekunde 15 nzima, akaiacha ikauke, ndipo akaunganisha. Sekunde 15 ni kitu kidogo sana, lakini katika wodi yenye muuguzi mmoja na wagonjwa 30 hazipatikani kirahisi, na hapo ndipo lilipo suala la fedha ambalo halizungumzwi.

Kusukuma maji ya chumvi ndani ya mrija nako kuna elimu yake. Hutumika bomba la sindano la mililita 10 au zaidi, kwa kuwa bomba dogo hutoa shinikizo kubwa ambalo laweza kuupasua mrija. Wengi hudhani kinyume chake, na mimi pia nilidhani hivyo nilipokuwa mwanafunzi. Maji husukumwa kwa kusita-sita ili yasugue kuta za ndani, na kibanio hufungwa kabla bomba halijakauka, ili damu isirudi ikaganda kwenye ncha ya ndani. Mpira wa kusafishia damu hujazwa heparini kwa kipimo kamili kilichoandikwa juu ya kila ncha, na kabla ya kutumiwa tena heparini hiyo lazima ivutwe na kumwagwa. Ikisukumwa ndani, mgonjwa hupata dozi ya kuzuia damu kuganda ambayo hakuna aliyemwandikia.

Nilisema miezi haina mwenyewe, na sikusema kwa kukisia. Mama mmoja tuliyekuwa tukimsafisha damu alisafiri kwenda msibani kwao, mbali na Kampala, akaanza kutapika. Alipelekwa katika kliniki ya karibu. Muuguzi wa pale alitafuta mshipa mkononi akakosa, akaona mrija uliotokea kifuani, akaunganisha dripu kwenye ncha ya buluu. Kifuniko alikiweka juu ya kabati la kando ya kitanda, na dripu ilipokwisha akakirudisha kilekile. Siku mbili baadaye mama yule aliletwa kwetu akitetemeka hata kitanda kikatikisika. Ncha moja ilikuwa imeziba kwa damu iliyoganda, na mpira ulilazimika kuondolewa. Nilimpigia simu yule muuguzi nikiwa na hasira. Akaniuliza kwa upole, "Dada, barua yake ya rufaa iko wapi, ambayo ningeisoma nikajua?" Hakukuwa na barua. Sisi ndio tulikuwa tumemruhusu mgonjwa aende bila karatasi yoyote ya kusema kwamba mpira ule ni wa mashine ya figo peke yake.

Halafu kuna malaria. Katika nchi yetu mtu akishikwa na homa na kutetemeka, wazo la kwanza la kila mtu, kuanzia jirani hadi muuza duka la dawa, ni malaria, na mara nyingi ni kweli. Lakini kwa mwenye katheta, homa ya kutetemeka, hasa inayoanza muda mfupi baada ya mrija kutumiwa, yapaswa kuhesabiwa kwanza kuwa ya katheta huku malaria ikipimwa sambamba. Nimeona wagonjwa waliomaliza dozi nzima ya dawa za malaria, siku tatu zikapotea, bakteria wakiendelea kuzaana ndani ya mpira. Kinachotakiwa ni damu ya kuotesha maabara, ichukuliwe kutoka kwenye mpira na kutoka mkononi kwa wakati mmoja, kabla ya antibiotiki ya kwanza. Damu ya mpira ikiotesha vijidudu dakika 120 au zaidi kabla ya ile ya mkononi, chanzo kimejulikana. Akipatikana bakteria aitwaye Stafilokokasi aureasi, au fangasi wa Kandida, mpira utoke; kujaribu kuuokoa kwa dawa ni kumweka mgonjwa rehani, kwa maana vijidudu hivyo vina tabia ya kuhamia kwenye vali za moyo na kwenye mifupa.

Wenzangu wengine, ambao ninawaheshimu, husema kwamba kwa hali hii ni heri tusiweke kabisa katheta za muda mrefu, tuendelee na kanula za mkononi mpaka nchi itakapokuwa tayari. Hoja yao ina uzito kwa mgonjwa mmoja: yule anayekaa Arua, karibu kilomita 500 kutoka Kampala, asiye na kituo cha jirani chenye mtu anayeujua mpira wake. Huyo mimi pia ningesita kumwekea mrija unaoning'inia nje, na kama ni wa saratani ningetafuta poti, ambayo haihitaji kufungwa plasta nyumbani na huweza kukaa wiki nne bila kusukumwa maji, ingawa ni ghali na sindano zake hazipatikani kila mahali. Kwa wengine waliobaki hoja hiyo haisimami. Kanula nayo ina gharama zake, nazo hulipwa kwa mishipa ya mtoto na kwa vidonda vya mikono. Na kwa wa figo hakuna kanula ya mkononi inayoweza kuchukua nafasi ya mpira.

Tena kwa wagonjwa wa figo kosa letu huanza mapema zaidi. Mwongozo wa Marekani wa wagonjwa wa figo wa mwaka 2019 (KDOQI) unaelekeza kwamba mpira wa muda wa shingoni, ule usiopitishwa chini ya ngozi, usizidi wiki mbili. Kwetu nimeuona ukimaliza miezi miwili, kwa sababu mgonjwa alifika akiwa hoi, akawekewa kilichokuwapo, na akisha kupata nafuu hakuna aliyelishika jambo la hatua ya pili. Hatua hiyo ni fistula, yaani kuunganisha ateri na vena za mkono kwa upasuaji mdogo, njia iliyoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1966 na ambayo mpaka leo hushinda mpira wowote kwa usalama. Fistula huhitaji wiki sita hadi miezi mitatu kukomaa, kwa hiyo anayechelewa kuipanga amechagua mpira bila kujua kwamba amechagua. Zaidi ya hayo, fistula huhitaji mishipa ya mkono iliyo mizima. Mgonjwa ambaye figo zake zinaelekea kushindwa hafai kuchomwachomwa katika mkono asioutumia zaidi, wala hafai kuwekewa mpira wa chini ya mtulinga, kwa sababu mshipa wa hapo husinyaa baada ya kuwekewa mrija, na mkono wa upande huo ukawa haufai tena kwa fistula. Mishipa ya mgonjwa wa figo ni akiba yake, na sisi huitumia kama mali ya mtu mwingine.

Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti ulioongozwa na Peter Pronovost kuhusu vyumba 103 vya wagonjwa mahututi, vingi vyake katika jimbo la Michigan. Walifanya mambo matano tu: kunawa mikono, kujifunika kikamilifu wakati wa kuweka, kusafisha ngozi kwa klorheksidini, kuepuka mshipa wa paja, na kuondoa katheta isiyohitajika. Wastani wa kati wa maambukizi ya damu ulishuka kutoka 2.7 kwa kila siku 1,000 za katheta hadi sufuri ndani ya miezi mitatu. Katheta zile zilikuwa za muda mfupi, kwa hiyo sidai kwamba takwimu zile zinatuhusu moja kwa moja. Ninachokichukua humo ni kipengele ambacho husahauliwa: muuguzi alipewa mamlaka ya kumsimamisha daktari palepale akiona hatua imerukwa. Katika wodi zetu, muuguzi kijana atamwambiaje daktari bingwa, "Mzee, glovu yako imegusa kitanda, naomba ubadilishe"? Asipopewa ruhusa hiyo kwa maandishi, na mkuu wa idara akaitamka mbele ya wote, hatasema; na akinyamaza, karatasi ya hatua tano iliyobandikwa ukutani haina kazi.

Kwa hiyo napendekeza kwamba hospitali yoyote inayoagiza katheta za muda mrefu iagize katika oda ileile vifuniko, klorheksidini, plasta za kuona ndani na mabomba ya mililita 10 ya kutosha miezi sita kwa kila mgonjwa, na isipoweza, ipunguze idadi ya katheta. Mpira usio na vifaa vya kuutunza haujakamilika. Muuguzi mmoja apewe jina la mwenye mipira, awe na daftari la kila mrija: uliwekwa lini, na nani, upande gani, plasta ilibadilishwa lini, homa ilikuja lini. Plasta ya kuona ndani hubadilishwa kila siku saba na chachi kila siku mbili, au mara tu inapolowa, na daftari ndilo litakaloonyesha kama hilo linatendeka. Wala kuhesabu siku za katheta hakuhitaji kompyuta, kwani yatosha kalamu na mtu anayeulizwa hesabu hiyo kila mwezi.

Na mgonjwa apewe kadi, kwa lugha anayoisoma. Katiba yetu ilirekebishwa mwaka 2005 na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili, lakini sijapata kuona kadi ya katheta kwa Kiswahili ikikabidhiwa mgonjwa wa Bombo, wa Arua au wa kambi yoyote ya jeshi, watu wanaokiongea asubuhi hadi jioni. Kadi hiyo iseme ni mrija wa aina gani, usitumiwe na nani, simu ya kupiga ni ipi, na kwamba akishikwa na homa aje siku hiyohiyo. Iseme pia namna ya kuoga: maji yaishie kiunoni, kifua na shingo vifutwe kwa kitambaa, na kavera lisitumike.

Siku ya kuutoa mpira nayo ipangwe siku ya kuuweka, maana mrija usio na kazi ni hatari isiyo na faida. Mzee wa Bombo tulimbadilishia plasta, tukaotesha damu yake na haikuota kitu, na fistula yake ilikomaa mwezi wa tatu. Tulipoitumia mara kadhaa bila shida, alilazwa chali, tukamwambia avute pumzi na kuizuia, daktari akaitoa pete ya kitambaa iliyokuwa imeshikwa na nyama, nami nikabana kwa dakika kumi nzima na kufunika kwa plasta isiyopitisha hewa. Aliendelea kulala vile kwa nusu saa, kisha akaniuliza kama sasa anaweza kumwagia maji kichwani. Nikamwambia, "Bado, Mzee, subiri siku mbili."